Hatua ya Arobaini na Moja

Reyes alipofika kwenye hatua ya arobaini na moja hakuburuta kisigino. Aligonga, akageuka, akaendelea. Mezani, kalamu tatu ziliandika kwa pamoja.

"Simama," alisema Don Fermín, mkuu wa watahini. Mpiga gitaa akazinyamazisha nyuzi kwa kiganja. "Binti, umeruka hatua."

"Sikuruka. Nimefundishwa hivi."

Wote wakamgeukia Tomasa, aliyekaa kwenye benchi ukutani, mkoba mapajani. Ndiye aliyemfundisha Reyes, na ndiye mjane wa Anselmo Bermúdez, mtunzi wa farruca hiyo, ngoma ya Kihispania ya wanaume ambayo siku hizi hata wasichana wanatahiniwa kwayo. Mji mzima wa Jerez ulijua kwamba Anselmo alipigwa filamu mara moja tu maishani, dakika nne, mwaka 1963. Kutokana na filamu hiyo chuo hiki cha ngoma kiliandika kitabu, kila hatua na namba yake. Arobaini na moja ndiyo iliyopendwa kuliko zote: kisigino cha kushoto kinaburutwa kidogo nyuma, kama mtu anayesita mlangoni. Watu walitoka hadi Japani kuja kujifunza kusita huko.

"Nilaumuni mimi," alisema Tomasa. "Siifundishi. Ni kosa."

"Bi Tomasa, kwa heshima zote, hatua hiyo nimeiandikia tasnifu."

"Pole. Ungeniuliza mapema, ungeokoa karatasi."

Mpiga gitaa akakohoa ili asicheke. Don Fermín hakucheka.

"Bila arobaini na moja, hii si farruca ya Anselmo. Na bila hiyo simpi cheti."

Reyes alikwishafelishwa mwaka uliopita kwa kisigino hicho hicho. Mtihani wa tatu haukuwepo. Bila cheti hataruhusiwa kufundisha popote. Atarudi kiwandani kubandika lebo kwenye chupa za mvinyo.

"Shangazi," alinong'ona, "niache niburute tu. Si kisigino tu?"

"Buruta uone. Usiniite shangazi tena."

Don Fermín akawasha televisheni. "Haya, tumwone mwenyewe."

Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kutoka mwisho wa ukumbi. Mchezaji alikuwa mwembamba, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. Akagonga, akageuka, kisigino kikaburutika. Don Fermín akaisimamisha picha hapo hapo.

"Umeona, mama? Filamu haizeeki. Kumbukumbu ya mtu ndiyo inayochakaa."

"Haizeeki, ndiyo. Lakini haijui inachokitazama. Aliyecheza hapo alikosea."

"Unathubutu kumkosoa marehemu mumeo mbele yetu?"

"Anselmo hakukosea hata siku moja. Iwe jikoni, iwe ukumbini, kisigino chake kilishuka kama nyundo."

"Basi unajipinga mwenyewe."

"Sijipingi."

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikaa wapi, hata ukaona vizuri kuliko kamera?"

Tomasa aliuweka mkoba chini. Alimtazama Reyes, aliyekuwa bado amesimama katikati ya jukwaa huku jasho likimtiririka shingoni, kisha akainuka.

"Nilimwapia mume wangu kwamba nitanyamaza, na nimenyamaza hadi nywele zimekuwa nyeupe. Lakini mtoto wa watu hamtamfelisha kwa sababu ya kiapo changu."

Alitembea hadi kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya ile kofia.

"Anselmo alikuwa kitandani, homa imemwangusha, na wenye kamera walikuwa wanaondoka na treni ya saa nane. Suruali ilikuwa yake. Ilinizidi vidole vinne, nikakanyaga pindo."