Mzizi Mmoja kwa Juma

Mwaka ule wa ukame, Bi Kanga alihamia bonde la ng'ambo na kifaranga wake mwenye homa. Akabisha hodi kwa Bwana Nguchiro, mwenye ghala la dawa.

"Ghala hili ni la wenyeji," alisema Nguchiro, "na kila mwanachama huleta kapu zima la mizizi kwa mkupuo."

Kanga hakuwa hata na kapu. Aliondoka akilia, akikumbuka kwao, ambako kila mmoja aliweka akiba ya mzizi mmoja kwa juma, na aliyeugua alitibiwa. Mama yake alikuwa akichemsha dawa huku akiimba, harufu ikienea kichaka kizima.

"Kwa nini tusiweke akiba ya mzizi mmoja kwa juma hapa?" aliwauliza jirani zake, Panya na Chura, ambao nao kapu liliwashinda.

Wakaanza siku hiyohiyo. Kifaranga akanywa dawa, akapona. Wanyonge wengine wakajiunga, akiba ikakua.

Masika yalipofika, mto ulifurika ukalisomba ghala la Nguchiro na kumvunja mguu. Panya na Chura wakamkokota hadi kwa Kanga.

"Sijawahi kuleta mzizi hata mmoja," alisema Nguchiro kwa aibu.

"Utaleta ukipona. Nyoosha mguu."

Kanga akabandika dawa motoni. Harufu ilipopanda, Nguchiro akauliza taratibu, "Bi Kanga, huko kwenu kulikuwaje?"

Tangu ahame, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kanga akaketi, akasimulia mpaka dawa ikapoa, ikabidi aichemshe upya.