Siku Fundi Aliporuhusiwa

Begi la fundi bomba lilikuwa juu ya kaunta ya duka, zipu imefungwa mpaka mwisho. Kabla mwenyewe hajasalimia, mwenye duka alilisukuma kwa mpini wa ufagio.

"Mkeo aliniachia juzi," alisema, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya sabuni. "Kasema ukitoka huko usifike nyumbani. Uende kwa dada yako."

Fundi alilifungua. Mashati yake, suruali za kazi, wembe, hata viatu vya kutokea. Hakikusahauliwa kitu. Mtu hufungiwa mizigo hivyo anapofukuzwa, si anapopokewa.

"Nimepona," alisema, akatoa cheti alichopewa asubuhi kwenye kituo walikotengwa wagonjwa. "Daktari kaniambia siambukizi tena."

"Sijasema unaambukiza." Mwenye duka alikitazama cheti kwa mbali, kama anayeoneshwa nyoka. Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kuwa na breki, akaongeza, "Ila fundi, mimi simo. Leo asubuhi kuna mwanamume alikuja kwako. Wamezungumza dirishani muda mrefu. Mkeo analia, yeye anambembeleza."

Fundi alilitupa begi begani akashika njia.

Alikuwa amekonda hadi mkanda ukatobolewa tundu jipya. Kule kituoni, homa ilipompanda na wenzake wa vitanda vya jirani wakawa wanatolewa wamefunikwa gubigubi, kilichomfanya ang'ang'anie roho ni nyumba hii: vyumba viwili, mlango wa bluu, na mke anayemcheka akikoroma. Alijiapia kwamba siku akitoka atalala kitandani kwake, na kesho yake arudi kwenye mabomba ya watu. Sasa watu walikuwa wakivuka barabara wakimwona. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa ukosi wa shati mpaka mtoto akapiga chafya, na chafya ile ikamtia mama hofu zaidi. Hayo fundi aliyameza. Watu baki ni watu baki.

Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Pazia limeshushwa mchana kweupe.

"Mke wangu. Ni mimi."

Sauti ikaja kwa mbali, kama inatoka chumba cha nyuma. "Kwani hukupewa begi?"

"Nimepewa. Fungua."

"Nenda kwa wifi. Mtoto wetu nimeshampeleka huko."

"Umempeleka kwa ruhusa ya nani?" Alishika kitasa.

"Usiguse huo mlango!"

Aliipiga kelele hiyo hadi madirisha ya jirani yakafunguka. Fundi alikiachia kitasa kama aliyeungua.

"Nina cheti, mwanamke! Na wewe pia unaniona uchafu?"

"Sikuoni uchafu. Nenda tu, baba. Nakuomba."

"Nani alikuja asubuhi?"

Akasogea mpaka kwenye dirisha lenye pazia.

"Nakuuliza! Nani alikuwa anakubembeleza hapa dirishani, mimi hata nyumbani sijafika?"

"Atarudi sasa hivi," mkewe alisema polepole. "Ndiyo maana nataka akukute umeshaondoka."

Mtu alicheka kwenye dirisha moja, akajiziba mdomo. Kicheko kile kilimwingia fundi kuliko sindano zote alizochomwa. Akageukia mtaa, sauti yake iliyokauka kwa ugonjwa ikipasuka.

"Basi sikieni nyote, muwe mashahidi! Huyu kuanzia leo si mke wangu. Nimelala na maiti kushoto na kulia, jina lake ndilo lililonirudisha, na haya ndiyo mapokezi yangu. Nikifa asije kunizika. Na akifa yeye, nisiitwe!"

Hakuna aliyecheka sasa. Pazia lilisogea kidogo pembeni, upana wa kidole, likabaki hivyo.

"Sawa," sauti ilisema. Sasa ilikuwa karibu, nyuma tu ya kioo, na ilikuwa imefifia. "Sweta lako nimeliweka chini kabisa ya begi. Ulivae. Bado mwili haujapata nguvu."

Aliinua begi, akatema mate pembeni, akaanza kuondoka bila kugeuka nyuma.

Hakufika mbali. Gari jeupe liliingia mtaani bila king'ora, likasimama mbele yake. Walishuka watu wawili waliovaa nguo za kujikinga, nyeupe tangu utosini hadi nyayoni, miwani mikubwa usoni. Aliwajua watu wa namna hiyo. Ndio waliombeba yeye. Nani kawaita tena? Aliachia begi, akainua cheti juu ya kichwa.

"Mimi nimepona! Nimeruhusiwa leo hii! Someni!"

Wakampita.

Alibaki na mkono juu, akiwatazama wanavyoelekea kwenye mlango wa bluu. Hawakubisha. Mlango ulifunguliwa kwa ndani.

Mwanamume wa tatu alikuwa ameshuka garini, amevaa koti la kawaida na barakoa. Kule dukani mwenye duka alikuwa akimnyooshea kidole, akitikisa kichwa kumwashiria fundi: ndiye, ndiye huyo. Mwanamume yule alisimama hatua kadhaa kutoka kwa fundi, akakitazama cheti, kisha akamtazama usoni.

"Wewe ndiye mumewe," alisema. "Tungekuwa tumeshampeleka kituoni tangu asubuhi, ila aligoma kupanda gari. Alisema anakujua, utakuja tu hata ukikatazwa, na yeye anataka akuone mara moja umesimama kwa miguu yako."