Babu Amekata Kamba

"Dada, Babu amekata kamba," mlinzi alisema mlangoni huku akihema, kisha akatimua mbio kuelekea barabarani.

Mashine ya kukanda unga ikazimwa. Mzee akifa watu husema ametutoka, lakini mlinzi yule hakuwahi kuwa na adabu ya maneno, na waokaji wote walimwelewa. Mwenye kiwanda cha mikate hayupo tena duniani.

Binti yake, ambaye ndiye meneja, aliketi juu ya kreti ya mikate. Asubuhi ile ile walikuwa wamegombana kwa sababu ya Bonge, puto kubwa la gesi lililokuwa limefungwa paani, likielea juu kutangaza mikate yao. Lilikuwa na umbo la mkate uliovimba, na sharubu na kitambi vya Babu mwenyewe. Wateja walilipenda kufa. Babu hakutaka hata kulisikia.

"Watoto wakiniona njiani wananiita Bonge," alilalamika. "Lishushe."

"Litashuka ukifa," binti alimjibu, akampa mgongo. Babu akapanda ngazi za paani.

Sasa aliyakumbuka maneno hayo.

"Nimemuua baba yangu kwa mdomo wangu," alisema akilia.

Mwokaji mkuu akavua kofia. "Alikuwa na mkono mzito wa chumvi, Mungu amsamehe. Lakini roho yake ilikuwa nyeupe."

Nje kitu kikapasuka kwa kishindo. Hakuna aliyejali.

"Ningerudishiwa baba yangu," meneja alisema mbele ya wote, "puto lile ningelishusha mwenyewe leo hii, na lingine nisingeweka maisha yangu yote."

"Jamani, mmemsikia?" sauti iliuliza kutoka kwenye ngazi.

Babu alikuwa amesimama pale, buheri wa afya, mikono nyuma. Meneja alipomrukia kumkumbatia, kisu cha mkate kikaanguka sakafuni.

Mlinzi naye akarudi, jasho likimtiririka, akiburuta gunia la nailoni lililonywea, sharubu moja haipo.

"Bonge kanasa kwenye antena ya bucha, kapasuka," alisema kwa huzuni. "Si nilikwambia, dada, Babu amekata kamba? Mngetoka mbio, tungemdaka."