Kondoo wa Jina

Mgeni aliingia uani asubuhi ya sikukuu, akimvuta kondoo mnene kwa kamba. Namsifu, aliyekuwa akinyonyesha karibu na jiko, hakumfahamu.

"Mimi ni shangazi yake mumeo," mgeni alisema, akimfunga kondoo kwenye nguzo. "Nimeleta kondoo wa jina. Mtoto ataitwa Nakijwa, kama marehemu mama yetu."

"Karibu, shangazi. Lakini mtoto anaitwa Tatu."

"Tatu? Kwetu hakuna Tatu."

"Ni jirani. Kipupwe chote mume wangu alikuwa mbali kazini, na kila alfajiri Tatu alituletea makaa ya moto. Hakujaliwa mtoto. Nilimwahidi jina."

Shangazi akacheka. "Kwa makaa, watu husema asante. Ukilikataa jina letu, kondoo anarudi, nami sikanyagi tena hapa."

Mume wa Namsifu, aliyerudi nyumbani kwa sikukuu, aliitazama sufuria ya maharage jikoni, kisha akamtazama kondoo. "Mama Nakijwa," akamwambia mkewe kwa kubembeleza, "mlikuwa wawili tu. Nani aliisikia hiyo ahadi?"

"Mimi niliisikia."

Namsifu alimfunga mtoto mgongoni, akatoka nje kwenye baridi. Akamfungua kondoo, akaiweka kamba mkononi mwa shangazi.

"Maharage yakiiva, utakula nasi, shangazi."

Akavuka ua hadi mlango wa pili.

"Hodi, Tatu. Mwenzako Tatu amekuja kukuamkia."

Komeo likalia. Nyuma ya Namsifu, shangazi alikuwa bado amesimama kwenye ukungu, kamba mkononi.