Mtu wa Koti Jeusi Mtaa wa Alder

Janelle aligeuka tena. Yule mtu wa koti jeusi alikuwa bado nyuma yao, na sasa hakuwa akitembea. Alikuwa anakimbia.

"Kaza mwendo, mwanangu," alimwambia Tobin, akiubana mkono wake mdogo ndani ya glavu nene ya manyoya.

Tobin, mwenye miaka mitano, hakujibu. Hakuwa amesema neno tangu watoke kwenye ile nyumba ya kona. Watoto waliovaa vinyago walikuwa wamejazana barazani kuomba pipi, kama ilivyo desturi ya Halowini, wakipiga kelele "Pipi au vituko!" mara mwenye nyumba akaangusha jitu la shuka jeupe kutoka paani na kuzima taa zote. Watoto walipiga mayowe, wakatawanyika huku na huku. Janelle alihangaika gizani akimtafuta Tobin, aliyekuwa amevaa vazi la dubu, hadi alipoona dubu mdogo chini ya ngazi. Akamshika mkono mwanawe, wakaondoka bila hata kuitafuta ndoo yake ya pipi.

Asubuhi majirani walikuwa wametumiana ujumbe kwamba kuna mwanamume asiyefahamika anazungukazunguka karibu na shule. Sikukuu hii ya Halowini, mtu asimwache mtoto wake hata kidogo. Mumewe Dwayne alikuwa amemcheka. "Mfunge kamba basi, kama mbuzi!"

"We mama!" yule mtu alifoka. "Simama! Nipe huyo mtoto!"

Janelle aliangaza huku na huku akitafuta msaada. Kwenye baraza zilizo karibu watu waligeuka, wakatabasamu, wakaendelea kugawa pipi. Usiku kama huu nani angeshtuka kwa kelele?

Mtoto alianza kuvuta mkono, akitaka kurudi nyuma.

"Achana na ndoo! Tutanunua nyingine!"

Akamnyanyua, akatimua mbio. Alimwona mwepesi ajabu. Hofu ilikuwa imemtia nguvu. Masikioni alisikia kilio kilichozibwa na kinyago cha plastiki, na nyuma yake viatu vikipiga lami, karibu, karibu zaidi.

"Dwayne! Fungua!" alipiga kelele alipofika mlangoni kwao.

Dwayne alifungua akiwa na bakuli la pipi mkononi. "Ehee, mbuzi kakata kamba?"

"Funga mlango! Funga!"

Aliuona uso wa mkewe, utani ukamwisha. Alisukuma komeo, na papo hapo ngumi zikaanza kuudunda mlango hadi picha za ukutani zikatikisika.

"Fungueni! Fungueni au navunja!"

"Jaribu uone!" Dwayne alijibu. Alichukua gongo la besiboli kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawapigia polisi simu, kisha akamgeukia mkewe. "Polisi wako njiani. Mpeleke mtoto bafuni, jifungieni."

Janelle alijifungia humo, akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi na kumkumbatia mwanawe. Mwili mdogo ulikuwa unatetemeka wote.

"Nyamaza, kipenzi. Mama yupo. Yule mtu mbaya hatamgusa mtoto wangu."

Kule mbele kioo kilipasuka. Dwayne alipiga ukelele, kisha gongo likagonga kitu, na yule mtu akaguna kwa maumivu.

Mtoto naye alipiga yowe.

"Basi, basi," Janelle alisema huku machozi yakimtoka. Akakivua kile kinyago ili ampanguse uso.

Mikia miwili ya nywele nyekundu ikaanguka mabegani. Msichana mdogo asiye na meno ya mbele alimkodolea macho.

"Mnampiga baba yangu," alisema kwa kwikwi. "Mbona hammfungulii?"

"Janelle!" Dwayne aliita kutoka sebuleni, akihema. "Tobin yuko salama?"