Mtandio wa Mwisho wa Aina Yake

Tangu afanyiwe upasuaji wa tezi ya shingo, Shamsa hakuwahi kutoka nje bila mtandio. Wateja wa duka lake la nguo walidhani ni mapambo tu ya kuvutia biashara.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, amevaa gauni la kijivu lililonyooshwa vizuri.

"Mwanangu, nguo zangu za kazini ni mbili tu," alisema. "Nataka mtandio utakaozibadilisha. Huo uliovaa ndio nimeupenda."

Ulikuwa wa maua mekundu na ya manjano. Shamsa akamtolea wa mistari, kisha wa madoa. Mama aliitazama kwa adabu, macho yakarudi palepale shingoni.

"Huu ndio wa mwisho, mama, na nimeshauvaa."

"Nitaufua."

Shamsa akaufungua. Kovu lilikuwa bado jekundu. Mama aliliona, akasogea karibu.

"Leo ufunge kiunoni, uwe mkanda," Shamsa alisema huku akimzungushia. "Kesho upige kilemba. Keshokutwa uutupie begani, ncha uzibane kwa pini."

"Na shingoni?"

"Shingoni ni rahisi kuliko kote," alijibu, akamfundisha fundo.

Mama akajigeuzageuza mbele ya kioo, ametabasamu. Humo kiooni Shamsa aliwaona wanawake wawili wakiingia dukani. Mkono wake ukainuka kuziba kovu, lakini ukaishia kifuani.

"Karibuni," alisema, akageuka kuwaelekea.