Mwanga Usirudi Nyumbani

Skrubu ya nne ilikuwa ngumu, na Koinet aliitukana kimoyomoyo huku akichungulia mlangoni. Nje wenzake walikuwa kwenye chai ya saa nne. Yeye alikuwa ameinamia mashine ya Phylis ya kuchora kwa leza, akitoa moyo wa isoleta.

Isoleta ni kimkebe tu, ukiona utadhani cha ugoro. Lakini ndani kuna sumaku na vioo. Mwanga wa leza ukienda mbele unazungushwa kidogo, unapita. Ukigonga kitu kinachong'aa na kujaribu kurudi, unazungushwa tena, unakuta mlango umefungwa. Bila hicho kimkebe, mwanga unarudi nyumbani na kuua leza iliyouzaa.

Na saa nane kulikuwa na mtihani. Mzee Musau, mwenye karakana hiyo ya Noonkopir, alitaka msimamizi wa tawi jipya la Kajiado. Koinet na Phylis wangechora jina la kanisa, kila mmoja kwenye shaba iliyong'arishwa mpaka unajiona meno.

"Atakayeshinda anaenda Kajiado," Mzee alikuwa amesema. "Atakayeniulia leza anaenda kwao."

Koinet alirudisha kimkebe kikiwa kitupu, moyo wake akautia mfukoni, akatoka kunywa chai. Alimsalimia Phylis kwa upole wa shemasi, naye Phylis akautupia jicho mfuko wake.

Mchana walikula chapati na ndengu, sahani moja.

"Umesikia?" Phylis akasema. "Mzee anataka tubadilishane mashine. Wewe uje kwa yangu, mimi niende kwa yako. Ati asije mtu akasingizia mashine."

Ndengu zilimkwama Koinet kooni. Phylis akampiga mgongoni.

"Kunywa maji, ndugu yangu. Ni mtihani tu."

"Mimi siogopi mashine," alisema, machozi yakimtoka.

Phylis akaenda kuosha sahani. Siku hiyo aliiosha polepole kama ya arusi.

Koinet alikimbia ndani. Aliurudisha moyo mahali pake, kwanza akaupangusa kwa kitambaa laini, halafu akakaza skrubu zote nne kama mtu anayefunga boma akisikia fisi. Hata mashine yake hakuwahi kuihudumia hivyo. Kisha akasimama, akafikiri, na kichwa kile kile kilichomtoa jasho kikampa tabasamu. Kama Phylis anakuja kwa yangu, basi...

Dakika kumi baadaye kimkebe cha mashine yake mwenyewe kilikuwa kitupu.

Saa nane kamili Mzee Musau aliingia na vipande viwili vya shaba. Alimkuta Koinet ameshaketi kwa mashine ya Phylis, miwani usoni, kifua mbele.

"Wewe, umepotea?"

"Si tunabadilishana, Mzee?"

"Nani amesema kubadilishana? Rudi kwa mashine yako. Na uanze wewe."